Mfalme wa Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Daftari jipya, kalamu mpya. Mwaka huu kombe la briji la klabu yetu ya Rau ni langu. Afadhali wajukuu wasome habari zake kutoka kwangu mwenyewe kuliko kwa bibi yao Bernadetha, ambaye ana tabia ya kuyafupisha mambo yangu.

Kwa faida ya wajukuu: briji ni karata za watu wanne, wawili wawili, wenza wakitazamana. Kwanza mnanadi. Ukinadi kopa nne, umeahidi kwamba wewe na mwenzako mtakula mizunguko kumi kati ya kumi na mitatu, turufu ikiwa kopa. Mkishindwa, aibu. Hamruhusiwi kuambiana mna nini mkononi isipokuwa kwa njia ya kunadi. Hapo ndipo akili inapotakiwa, na hapo ndipo ninapoingia mimi.

Fainali ni Jumamosi ya tarehe 17. Wawili watakaoshinda wataenda Nairobi mwezi wa tisa kucheza na klabu za huko. Nimeshamwambia mama yangu kule Uru kwamba naenda. Na majirani zake wote. Tangu ofisi ya kahawa itupunguze kazini mwaka juzi, kila ninayekutana naye ananiuliza siku hizi nafanya nini. Sasa jibu ninalo.

Damian ananishonea suti ya safari. Damian ni mwenzangu wa meza kwa miaka kumi na sita, jirani yangu wa uzio wa tatu, na fundi cherehani asiye na mpinzani hapa mjini. Suti ni ya kijivu. Mkono mmoja wa koti umeshakaa.

Jumanne, 6 Agosti

Mazoezi nyumbani kwangu. Balaa tupu.

Tulicheza na Bi Mektrida, muuguzi mkuu mstaafu, mama mkwe wa Damian. Mwenzake ni Yakobo, karani wa kiwanda cha sukari, mtu wa Mpwapwa, mpole kupita kiasi. Bi Mektrida akanadi shupaza nne. Sisi tulikuwa tumeshakula mizunguko mitatu. Mmoja zaidi, na ahadi yake imevunjika.

Akaweka mezani mfalme wa kopa. Ree ya kopa alikuwa nayo Damian. Niliijua iko kwake kwa hesabu zangu, na ree inamla mfalme, hilo halina mjadala. Damian akaitazama karata ya mama mkwe, akaitazama ya kwake, akashusha tano.

Nilimuuliza kwa upole kulikoni. Bernadetha, aliyekuwa analeta chai, anasema nilipiga meza hadi vikombe vikahama. Damian akajibu taratibu kwamba hawezi kumwangushia mama mkwe ree mbele za watu. Mama huyo alimpa binti yake Leonia kwa mikono miwili, sasa yeye amuulie mfalme? Bi Mektrida akatikisa kichwa kukubali, akasema Damian amelelewa vizuri, akaandika pointi zake.

Nilijikaza. Lakini niliona wazi: fainali tutakutana na mama huyu, na suti yangu itabaki kwenye sanduku.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Nimepanda Uru kumsaidia mama kuchuma kahawa. Ukungu, baridi, vidole vimekufa ganzi. Ila kichwa kilikuwa moto. Nilipofika mti wa kahawa wa kumi na tano nikaona kila kitu kwa mpigo.

Kwanza, Mfumo wa Sirili (Sirili ni mimi). Watu wa Rau wananadi kama watoto: mwenye pau anasema pau, mwenye kopa anasema kopa. Ushamba. Katika mfumo wangu, nikisema pau moja, maana yake nina karata kubwa kubwa za kila aina, na wala sina haja na pau. Mwenzangu haruhusiwi kunyamaza. Lazima aendelee kunadi mpaka tufike pazuri. Sheria inaruhusu, ili mradi wapinzani wakiuliza waelezwe.

Pili, mwenza. Namhitaji mtu asiye na mkwe mezani. Nikawapitisha wanachama wote kichwani, mmoja mmoja. Hapa kwetu kila mtu ni shemeji, mkwe au mkwilima wa mwingine. Ukimpiga mtu kwa turufu unaharibu harusi ya mtu mwingine. Isipokuwa Yakobo. Yakobo hana mkwe mkoa mzima wa Kilimanjaro.

Nikamweleza mama. Akauliza kama Damian anajua. Nikasema atajua wakati ukifika. Mama akaendelea kuchuma, hakuniangalia tena hadi tuliposhuka kula mtori wa ndizi.

Jumamosi, 10 Agosti

Yakobo amekubali. Mwanzoni alitazama viatu vyake (vipya, nimeona), akauliza Bi Mektrida atabaki na nani. Nikasema atamchukua Damian, tena itampendeza sana. Akauliza mara mbili kama kweli itampendeza. Nikamhakikishia. Kijana ana moyo.

Huu ndio uzuri wa mpango: Damian na mama mkwe upande mmoja. Mtu anayemwogopa mama mkwe hivyo ataweza kweli kunadi mbele yake? Watakaa wanaamkiana mpaka jioni.

Kumwambia Damian uso kwa uso lingekuwa jambo zito. Nimemwandikia barua nzuri, kurasa mbili, yenye shukrani nyingi. Nilikwenda kupimwa suti, na alipokuwa akishughulika na chaki nikaitia mfukoni mwa koti la suti hiyo. Ataikuta mwenyewe, bila haraka, akiwa ametulia.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa Damian kanisalimia vizuri. Vizuri mno. Kaniuliza habari za nyumbani, za mama, za kahawa, za mbuzi. Sina mbuzi. Kisha akasema sindano ya cherehani imevunjika, kwa hiyo mkono wa pili utasubiri kidogo.

Bernadetha hajasema neno tangu tulipotoka kanisani. Nashukuru kwa utulivu huo, nimeutumia kunoa mfumo.

Jumatano, 14 Agosti

Yakobo ni mwanafunzi wa ajabu. Siku tatu, mfumo wote ameumeza. Nimemuuliza mara ishirini: nikisema pau moja, utafanya nini? Mara ishirini amejibu kwamba atasema kitu chochote ila hatapasi. Ningekuwa na mtu huyu miaka kumi na sita iliyopita, leo tungekuwa tunacheza Ulaya.

Anajipulizia manukato. Pia kaniuliza Bi Mektrida anapenda zawadi gani, na siku zipi huwa yuko nyumbani. Nimempongeza kwa kumchunguza adui.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika jioni hii hii. Nitasema kila kitu kama kilivyotokea, bila kujipendelea.

Asubuhi tuliwafagia wote. Mfumo ulifanya kazi kama saa. Mchana fainali, ukumbi umejaa, na kama nilivyotabiri, mbele yetu Bi Mektrida na Damian. Damian alimwamkia shikamoo kabla ya kila mgao. Nikatabasamu moyoni.

Tabasamu halikudumu. Mama akianzisha shupaza, Damian anaweka pembeni karata zake zote nzuri na kumuunga mkono kwenye shupaza. Mama akianza na karata ndogo ya kopa, Damian anakula, kisha anamrudishia kopa ile ile. Mtu mjanja angejaribu rangi nyingine, na mimi nilikuwa nimejipanga kwa mtu mjanja. Damian hakubuni chochote. Alichoambiwa na mama ndicho alichofanya, na karibu kila mara ndicho kilichotakiwa. Hilo si briji, hilo ni malezi.

Hata hivyo tulikwenda bega kwa bega. Mgao wa tano kabla ya mwisho nikainua karata zangu: kopa sita zenye ree, mfalme na malkia, na pembeni utajiri wa kutosha. Pau mbili tu, ndogo. Nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyeshiba: pau moja.

Bi Mektrida, kwa haki yake, akamuuliza Yakobo hiyo pau moja ina maana gani.

Yakobo akasimama. Karatani watu hawasimami, yeye akasimama, akafunga kifungo cha koti, akamweleza mama mfumo mzima tangu mwanzo, jasho likimtoka, kila sentensi ikianza na "mama". Mama akamshukuru, akapasi. Yakobo akakaa, akajifuta uso, akavuta pumzi kama mtu aliyemaliza mtihani, akasema pasi.

Pasi. Mara ishirini nilimuuliza.

Damian naye akapasi, haraka. Nikalazimika kucheza turufu ikiwa pau, nami nina pau mbili, na wapinzani wana nane. Kopa nne zilikuwa wazi kabisa. Nilihitaji mizunguko saba, nikala mitano. Mtu mmoja nyuma ya ukumbi alikohoa kwa namna ambayo sitaisahau.

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Nilifukuzia, nikafukuzia, mpaka mgao wa mwisho. Bi Mektrida kanadi shupaza nne. Sisi tumeshakula mitatu. Mmoja zaidi, na kombe letu, na Nairobi yangu. Mama akaweka mezani mfalme wa kopa.

Nilihesabu. Ree iko kwa Yakobo. Nikamwangalia Damian. Damian akatazama chini, na nadhani alinionea huruma. Nilitulia. Mtu wa Mpwapwa, asiye na mkwe mkoa mzima.

Yakobo akaitazama karata ya mama. Akashusha nne.

Walipokwisha kupiga makofi akaniambia, kwa adabu zote, kwamba Jumamosi ijayo wazee wake wanakuja kutoka Mpwapwa na barua ya posa. Wanamposa Evaline, kitinda mimba wa Bi Mektrida. Ree ya kopa, kwa mama yake Evaline, wiki moja kabla ya posa? Aliniuliza mimi kama ningekuwa yeye ningefanyaje. Bi Mektrida alikuwa anamwangalia kwa jicho jipya kabisa.

Kombe limekwenda kwa Damian na mama mkwe. Kosa si la mfumo.

Jumapili, 18 Agosti

Sikupata hamu hata ya mtori. Mama ametuma salamu kutoka Uru kuuliza Nairobi naenda lini. Kila mtu atauliza. Lakini kilichoniuma zaidi, na hili naliandika mara moja tu, ni kile kiti cha mbele yangu. Miaka kumi na sita nimeinua macho kutoka kwenye karata nikamwona Damian. Jana nilikuwa nainua macho namwona mchumba wa watu.

Bernadetha akafungua kinywa kwa mara ya kwanza wiki nzima. Alisema: isale. Akatoka nje, akakata mwenyewe jani kwa jirani, akalifunga fundo, akanipa. Kwetu, anayekujia na isale amekuja kuomba msamaha, na huwezi kumkatalia hata kama alikuchomea nyumba.

Nimeenda. Bi Mektrida alikuwepo, kikombe cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Damian akapokea jani kwa mikono miwili, macho yake yana maji. Akasema kuhama meza hakukumuuma, kila mtu anatafuta ushindi. Kilichomuuma ni barua. Nyumba ya tatu kutoka kwangu, tena namwandikia kama mtu wa ofisini. Mimi niliyeachishwa kazi kwa barua.

Sikuwa nimeliona hivyo. Nikamwomba msamaha kwa mdomo wangu, pole pole, neno kwa neno, na akanisamehe.

Nikaona hewa ni nzuri. Nikauliza, kwa kuwa isale halikataliwi, je, ile nafasi ya Nairobi? Bi Mektrida akasema isale linaombea msamaha, haliombei viti. Damian akacheka hadi akamwaga mbege.

Kisha akaingia ndani, akatoka na suti. Mikono yote miwili. Ameimaliza tangu Jumatano. Sindano haikuwa imevunjika hata siku moja. Barua yangu bado imo mfukoni, imekunjwa vizuri.

Jumapili, 15 Septemba

Wamerudi kutoka Nairobi, wamekuwa wa pili. Nimekwenda kuwapokea nimevaa suti ya kijivu. Watu wawili walinipa mkono wakidhani na mimi nimetoka huko. Sikuona sababu ya kuwasumbua kwa maelezo.

Habari njema: kuanzia Oktoba Damian anarudi kwenye kiti chake mbele yangu. Ameshika mkono wangu, ameahidi. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Rafiki kama huyu hupati mara mbili, na nimeapa sitamwacha tena.

Isipokuwa siku ya fainali. Maana klabu imepata mwanachama mpya, Mwalimu Aikande, mstaafu, hajaoa, hana ndugu wa kuolewa, na kwa uchunguzi wangu wa wiki mbili hana mkwe popote pale kuanzia Rombo hadi Machame. Tena nilipomweleza kwamba katika mfumo mpya kopa moja ina maana ya shupaza, hakucheka. Barua ya Damian nimeshaiandika, kurasa tatu safari hii, yenye maneno ya moyoni zaidi. Nitaitia mfukoni mwa koti lake mwenyewe, asipate taabu ya kuitafuta.

Mchana huu nimepanda masale kumi na mawili kando ya uzio. Bernadetha kasimama mlangoni, kauliza ya nini mengi hivyo. Nimemwambia jani likinyauka halifai, lazima liwe bichi siku ya kulipeleka.