Mashine ya Sinema na Watu wa Kushangaa

Mtaalamu hakuwa mtaalamu wa kitu chochote, na ndiyo maana hakuna kazi iliyowahi kumshinda. Siku aliyomsikia Mama Mfadhili akilalamika kwenye foleni ya benki kwamba ana mashine ya sinema, ana jenereta, ana pazia jeupe la kuonyeshea, ila hana mtu mwenye moyo wa kuvipeleka vijijini, moyo huo ulimwingia Mtaalamu palepale.

"Mama, mimi usiku silali," akamwambia. "Nawafikiria watu ambao hawajaona picha ikitembea."

Kulala alikuwa analala, tena kwa kukoroma. Alichokuwa akikifikiria ni baa moja mjini, ambayo mmiliki wake alishamwahidi: niletee mashine ya kuonyeshea mpira ukutani, nikufanye mbia. Mbia! Mtu aliyekunywa pale miaka yote kwa ahadi tupu, sasa angesimama ndani ya kaunta awakatalie wenzake.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Mama Mfadhili alitaka kuona kwa macho yake, kwa simu ya video, kijiji kimoja kikifurahi. Akiridhika, vifaa vingebaki mikononi mwa Mtaalamu "kwa ajili ya vijiji vingine". Vijiji vingine ndiyo ile baa.

Basi akapakia vitu kwenye pikapu ya shemeji yake, wakaenda kijiji cha kwanza chenye barabara. Wakapewa ghala la mazao, madirisha yakazibwa kwa magunia. Mwenyekiti wa kijiji, mama mnene mwenye sauti ndogo, akaja kuwakaribisha.

"Mama, naomba watu wako washangae," Mtaalamu akamnong'oneza. "Kama hawajawahi kuona picha maishani."

"Mshangao upi, mwanangu? Ule wa mradi wa kisima au ule wa sola?"

"Tofauti yake?"

"Wa kisima ni vigelegele tu. Wa sola una machozi."

"Nipe wa sola."

"Na mzee wa kupiga magoti utamtaka?"

"Akiwepo."

"Yupo. Ila atapiga goti moja. La pili linamsumbua."

Na hakudai hata soda. Hapo mtu mwenye akili timamu angewasha gari akaondoka. Mtaalamu akawasha jenereta.

Ikaanza filamu ya kunawa mikono. Nakuambia watu walishangaa mpaka kuta zikaona haya! Bibi mmoja akazunguka nyuma ya pazia kumpelekea taulo yule anayenawa. Mzee akapiga goti lake. Shemeji, aliyeshika simu na aliyejua mpango wote, akajikuta anafuta jicho. Kule ofisini kwake Mama Mfadhili alikuwa akipenga kamasi.

Ndipo mwenyekiti akaichukua simu mkononi mwa shemeji, taratibu, kama anayepokea mtoto mchanga.

"Mama, asante kwa mashine," akasema, machozi ya sola yakimtiririka. "Huyu kijana wako ametuambia inabaki hapa hapa, ni yetu. Ila ana haya, hapendi kujisifu."

Mtaalamu akafungua mdomo. Ghala zima likamzidi kwa makofi.

"Ni kweli?" Mama Mfadhili akamuuliza Mtaalamu. "Maana nilikuwa na wasiwasi kidogo, Mungu anisamehe. Nilidhani utakuja kuiuza."

Mtaalamu akaiona baa yake, akaiona kaunta, akayaona macho ya kijiji kizima, na hata ya shemeji.

"Ni... ni kweli, Mama."

"Na amekubali kukaa nasi mwaka mzima atufundishe kuiendesha," mwenyekiti akaongeza haraka, akakata simu.

Shemeji akasema anakwenda kuangalia tairi. Ikasikika pikapu ikiondoka.

"Mama, umenimaliza," Mtaalamu akasema. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Wenzako wote walikuja na vitu, wakatupiga picha, wakaondoka na vitu vyao. Wewe ndiye wa kwanza kutuletea mwenye vitu, tuongee naye wenyewe."

Wakati huo yule bibi wa taulo alishaitoa filamu ya kunawa, akachomeka flashi yake, akabonyeza vitufe bila kuvitazama. Muziki ukalia, watu wakavuta viti mbele. Ilikuwa tamthilia, sehemu ya mia na arobaini.

"Baba, kaa chini," bibi akamwambia Mtaalamu. "Unatuziba."