Shukrani za Kipa wa Benchi

Jumatatu, 9 Juni

Nashukuru kwa benchi. Lina paa. Msimu uliopita halikuwa nalo, na kipa wa akiba akinyeshewa hana hata mpira wa kujishughulisha nao.

Mama amepiga simu. Amepata ruhusa Jumamosi! Mama ni mkunga. Tangu nianze kulipwa kwa kazi ya kudaka mipira hajawahi kukanyaga uwanjani, kwa sababu watoto huchagua kuzaliwa siku za mechi. Sasa anakuja kutazama nusu fainali ya kombe la wanawake. Ameshawatangazia wauguzi wa wodi nzima. Nikamkumbusha, kwa adabu, kwamba mimi ni wa benchi. Akasema Mungu hamsahau mja wake popote alipokaa.

Tatizo si Mungu. Tatizo ni Komeo, kipa namba moja. Hilo si jina lake la kuzaliwa, lakini hakuna anayelikumbuka jingine: akishajifunga golini hapiti mtu. Tunalala chumba kimoja katika hosteli ya timu, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Ni mwema kupita kiasi. Huniita mdogo wangu. Kila asubuhi huniachia maji ya moto. Kumfanyia hila mtu anayekuachia maji ya moto ni kazi nzito. Lakini nina shahada. Nitajitahidi.

Mpango umeiva wakati wa chakula. Kazi ya kipa wa akiba, ukiacha kukaa, ni kumpasha misuli moto kipa namba moja: kumpigia mashuti, kumrushia mipira, kumwangusha na kumwinua. Basi nitampasha mpaka aungue. Ifikapo Jumamosi miguu yake itakuwa uji. Golini nitasimama mimi, na mama ataona. Si dhambi. Ni kazi yangu, nimeongeza bidii tu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza! Mashuti ya chini. Mashuti ya juu. Kushoto, kulia, kushoto tena wakati anadhani ni kulia. Komeo akianguka, nina mpira mwingine tayari mguuni. Wenzetu walienda kuoga, sisi bado. Kocha wa makipa, mama mwenye vidole vilivyopinda kila upande kama tangawizi, akasimama kututazama. Akasema hajawahi kuona kipa wa akiba mwenye moyo kama wangu. Nikainamisha kichwa. Unyenyekevu hunipendeza.

Nimeshindwa kupanda kitandani. Mapaja yamekataa kata kata. Komeo amenipa kitanda chake, akapanda juu kama paka.

Nashukuru kwa kitanda cha chini. Godoro lake ni zuri kuliko langu.

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Leo tulicheza wenyewe kwa wenyewe na Komeo amedaka kila kitu. Kila kitu! Krosi, vichwa, penalti ya nahodha. Shuti moja lilikuwa limeshapita, akarudi kulifuata kama mtu aliyesahau funguo. Kocha mkuu akamuuliza amekula nini. Akanionyesha mimi kwa kidole. Akasema ni Profesa, ndiye anayemnoa. (Profesa ni mimi. Hilo jina walinipa siku waliyonikuta nasoma kitabu kwenye benchi, timu ikiwa imepewa penalti.)

Timu nzima ikanipigia makofi. Nikatabasamu na jino likiniuma. Nimelinoa panga, na shingo ni yangu.

Hata hivyo nashukuru. Makofi ni makofi.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua. Hakuna mazoezi ya uwanjani. Mama akapiga simu kuuliza akae upande gani wa uwanja ili anione vizuri. Kutoka upande wowote, mtu wa benchi huonekana magoti. Nilipokuwa nikijikanyaga kwa maneno, Komeo, aliyekuwa anakunja soksi, akaninyang'anya simu. Shikamoo mama! Za kazi? Wakacheka kama waliozaliwa pamoja. Akamwambia akae nyuma ya goli la kusini, ndilo letu kipindi cha pili. Mama akauliza, je, mwanangu ataingia? Komeo akanitazama kidogo, akajibu kwamba mpira unadunda.

Nikaguswa. Kisha nikakumbuka kwamba ni adui. Nimewaza sana leo. Nimepata jambo.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike haraka kabla aibu haijanizidi.

Komeo ana mstari. Kabla ya kila mechi na kila zoezi huburuta kisigino, akachora mstari kuanzia katikati ya goli kuja mbele. Akitoka golini hutupa jicho chini, akajua goli liko wapi mgongoni mwake bila kugeuka. Makipa wengi hufanya hivyo. Leo kulikuwa na zoezi la mipira ya adhabu, mbele ya kocha mkuu. Komeo akachora mstari wake, mchua misuli akamwita kumfunga bandeji ya kidole. Golini hakuna mtu. Uwanja una matope. Nikasogea nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nikalitazama goli, nikaufuta mstari, nikachora mwingine kushoto. Hatua moja kubwa. Akirudi, atasimama pasipofaa, afungwe mawili matatu, kocha mkuu akune kidevu. Basi tu. Sikumtakia mabaya zaidi ya hayo.

Kocha mkuu akapuliza filimbi. Akasema Profesa aingie golini mpaka Komeo arudi.

Mimi!

Nikasimama. Sikuogopa. Najua mstari ni wa uongo, na uongo ukiujua hausumbui. Nilikuwa nimeusogeza kushoto, kwa hiyo dawa ni kusogea kulia. Nikasogea kulia. Mpira wa kwanza ukaingia kushoto. Wa pili, kushoto. Kulikuwa na nafasi ya kupitisha gari la mchanga. Kocha mkuu akauliza kama nalinda goli au kibendera cha kona. Nikazidi kusogea kulia kwa uhakika wa msomi. Wa tatu, wa nne.

Ndipo nikaelewa. Nilichora nikiwa nimelitazama goli. Sasa nimelipa mgongo. Kushoto kwa yule mchoraji ni kulia kwa huyu mdakaji. Mchimba kisima niliingia mwenyewe, tena nikakiongeza kina.

Komeo akarudi na bandeji yake. Akatazama mstari. Akatazama nguzo hii, akatazama ile. Akaufuta kwa kiatu taratibu, akachora upya. Akasema tu kwamba matope haya yanateleza, mdogo wangu, hata mistari inatembea.

Kweli, matope ni mabaya sana. Nashukuru hakushuku kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Orodha ikasomwa: golini Komeo. Nikampasha kwa nguvu zangu za mwisho, bila matumaini. Nikakaa. Mama alikuwa nyuma ya goli la kusini, kilemba chekundu, shingo ndefu, akinitafuta. Nikainua mkono. Akainua yote miwili. Nikatamani ardhi inimeze na mama anione ikinimeza, angalau aone kitu.

Tukafunga. Tukafunga tena. Kipindi cha pili, la tatu. Mechi ilikuwa inaelekea kuisha, mpira uko mbali kabisa upande wa pili, mara Komeo akaanguka. Hakuna aliyemgusa! Akashika paja la kushoto. Akapiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Mchua misuli akakimbia, akainama, wakanong'onezana, akatikisa mikono kuomba mabadiliko. Kocha mkuu akageuka benchini. Nilikuwa nimeshasimama. Glavu nilivaa tangu asubuhi.

Komeo akatoka akichechemea. Mguu wa kulia, nadhani. Maumivu huhama. Tulipopishana akanishika mabega, akaniambia mstari upo, na uko katikati. Ajabu kusema hivyo. Mstari wake huwa katikati siku zote.

Nikaingia golini. Mama yuko nyuma yangu, karibu kiasi kwamba namsikia akimweleza jirani uzito niliozaliwa nao. Ikaja krosi. Ndefu, mbaya, yenye maji. Nikatupa jicho chini, nikauona mstari, nikatoka, nikaruka. Nikaidaka! Nikaanguka nayo tumboni na mtu juu yangu, pumzi imekatika. Uwanja ukanyamaza, na katika ukimya huo sauti ya mama ikapaa: pumua, mwanangu, pumua, usisukume bado!

Watu walicheka mpaka refa. Mimi nililia, lakini kwenye mpira, hakuna aliyeona.

Tumeshinda matatu bila. Mama amewakumbatia wote, Komeo kuliko wote. Chumbani Komeo amecheza muziki kwa miguu yote miwili. Mchua misuli wetu ana mikono ya miujiza.

Jumapili, 15 Juni

Sina la kuomba leo, nina kushukuru tu. Kwa mama. Kwa krosi ile. Kwa matope, kwa kilemba chekundu.

Na kwa akili yangu. Maana nimekaa nikawaza, na sasa jambo liko wazi: mpango wa Jumatatu ulifaulu! Nilimchosha kweli. Misuli ilikaza yenyewe, kama nilivyokusudia. Kosa langu lilikuwa papara. Dawa huhitaji siku kukolea. Maskini Komeo! Nimemwombea.

Mama amepiga simu. Akasema katika kazi yake ameona wanawake wenye maumivu ya kweli na wenye ya kuigiza, na kwamba dada yule nimshike kwa mikono miwili. Sikumwelewa. Safari imemchosha.

Fainali ni Jumamosi ijayo, na mama ameshaomba ruhusa. Kwa hiyo kuanzia kesho nitampasha Komeo mara mbili zaidi. Nimemwambia hivyo usoni, kwa jicho kavu. Akacheka mpaka akashika ukuta, maskini, hajui linalomsubiri. Kisha akaenda kuoga mbio mbio.

Ameniachia maji ya moto.