Kayamba Niliyoshikishwa Kwenye Kalenda ya Kanisa

Kianda, Kibera
Alhamisi jioni

Kwa Mzee Wainaina,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kalenda, Kawangware.

Mzee wetu, Bwana asifiwe. Natumaini nyumbani hamjambo na mgongo umepata nafuu. Mimi ni Nasipwondi, mpigaji besi wa bendi ya kanisa letu. Najitambulisha kwa sababu ukiangalia kalenda mpya huwezi kujua. Hasira ninayo, siifichi, lakini nimekunywa chai kwanza ili niandike kwa adabu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kupigwa picha nilifika na besi yangu begani, nimeifuta hadi inameremeta. Mpiga picha wenu, Kagiri, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Sista, hiyo gitaa inakumeza. Warefu nyuma na vyombo vikubwa, akina dada mbele, meno nje." Kisha akanipa kayamba. Mzee, mimi sijawahi kupiga kayamba maishani. Niliishika kama sinia ya chai nikatabasamu, kwa sababu watu walikuwa wanangoja na jua lilikuwa kali.

2. Besi yangu akapewa Gichuru. Gichuru, kama unavyojua, ni mpanga viti. Ni kijana mrefu mwenye heshima, na suti yake ya bluu ilipatana na pazia. Hiyo ndiyo sababu niliyopewa. Ameikumbatia besi kama mtoto wa jirani anayetaka kulia. Sasa kila nyumba yenye kalenda, kuanzia hapa Kianda hadi huko kwenu Kawangware, inajua kwamba yeye ndiye fundi wa besi. Bibi harusi mmoja wa mtaa wa Ayany amempigia simu aje apige kwenye harusi yake. Na Gichuru, badala ya kusema ukweli, eti amejibu kwamba bado analiombea jambo hilo!

3. Mukhwana wa ngoma hayupo kabisa. Kagiri alisema ngoma zinachafua picha, akazikata. Kilichobaki ni kiwiko, pale pembeni karibu na tarehe za Aprili. Mama yake Bungoma ameelekezwa kwa simu kiwiko kilipo, na mpaka leo anabisha kwamba si cha mwanawe.

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Wageni kutoka makao makuu wanakuja Jumapili kumchukua mpiga besi mmoja akapige kwenye mkutano mkubwa wa Nakuru. Mkutano huo nimeungoja tangu nilipoanza kujifunza, mchana cherehani, jioni besi, vidole vimejaa malengelenge mpaka nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kumbe wageni wameshatuma ujumbe: wanamtaka "yule ndugu mrefu wa kwenye kalenda." Hata jina hawakuuliza. Aki imeniuma, Mzee. Imeniuma sana.

Hata hivyo mimi si mtu wa vurugu. Nimeketi nikafikiri, nikaona kwamba ikiwa kamati nzima ilitazama picha hiyo ikasema ni sawa, basi wenye makosa ni sisi tunaoishi tofauti na picha. Kwa hivyo naomba, kwa unyenyekevu, ibada ya Jumapili ifuate kalenda.

Gichuru apige besi. Mimi nitasimama mbele na kayamba, nitatabasamu kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho, bila kuitikisa, maana pichani haitikiswi. Kibodi cha Waceke kisiunganishwe na stima, kwa kuwa Kagiri alichomoa waya akidai unaharibu mandhari. Mukhwana alete kiwiko tu. Sehemu nyingine zake zibaki nyumbani, na sadaka atoe ya kiwiko. Mchungaji alipigwa picha akiwa amefumba macho, basi ahubiri hivyo hivyo, ila mtu amshike mkono pale kwenye ngazi. Waumini nao wasipepese jicho mpaka Kagiri aseme amemaliza. Wageni wakiuliza mbona hawasikii muziki, waonyeshwe kalenda.

Nisalimie Mama Ciru, wanakamati wote, na akina mama wa jikoni. Kagiri pia msalimie. Mwambie simchukii, ingawa nimejaribu.

Ni mimi dada yenu mwenye meno nje,
Nasipwondi
(Besi)

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari imeingia kwenye bahasha Valentine wa kwaya aliponipigia simu. Gichuru ameshindwa kulala, amewapigia wageni akaungama kwamba yeye hajui kupiga kitu chochote isipokuwa pasi. Wageni wakasema basi mwenye besi ndiye aende. Mzee, Nakuru naenda mimi! Nimelia tena, safari hii kwa furaha. Kesho Kagiri ananipiga picha ya bango la mkutano. Kwa hivyo yote niliyoandika hapo juu yasahauliwe, lakini nina ombi moja dogo. Nimejishonea rinda la njano, na mkanda wa besi utalikunja begani. Naomba nishike saksafoni ya Naftaly wa bendi yetu. Kuipiga siijui, lakini inapendeza sana na hilo rinda, na kwenye bango nani atasikia? Naftaly mwenyewe asisumbuke kuja.