Kiota Ukutani kwa Bi Lockyer

Jumatatu, 15 Aprili
Jumamosi waamuzi wa Bustani Bora ya Kijiji wanapita. Kombe mwaka huu ni langu. Lazima! Miaka mitatu nimekuwa wa pili nyuma ya jirani yangu, Bi Lockyer. Tunashindana wawili tu. Kikwazo ni ivi: mtambaazi huo umefunika ukuta wetu wa mpakani pande zote mbili. Mke wangu Mavis anauliza nitaukata lini. Nimemwambia Alhamisi, asinichoshe.

Jumanne, 16 Aprili
Balaa! Bi Lockyer ametoa ngazi na mkasi. Akinitangulia, nimekwisha. Nikapata wazo. Bonge la wazo! Hapa kwetu mtu anaweza kumfukuza mama mkwe, lakini hathubutu kugusa ivi yenye kiota cha robini, yule ndege mdogo wa kifua chekundu. Nikapiga simu chama cha ndege, nikabana pua, nikasema kiota kipo upande wa Bi Lockyer. Chai ya leo imeninogea mno.

Jumatano, 17 Aprili
Wamekuja wanane! Darubini, viti vya kukunja, chupa za chai. Mwenyekiti wao, Bi Hettie, kamwamuru Bi Lockyer ashuke ngazi. Kashuka, kanuna. Nilijifungia chooni nicheke. Lakini kufikia jioni walikuwa wananong'ona kwamba kiota hawakioni. Hawana imani watu hawa! Nimewafumia kimoja kwa sufu ya Mavis.

Alhamisi, 18 Aprili
Alfajiri nikapanda ngazi upande wangu, kiota mfukoni, nikisogeze ng'ambo. Nikapenyeza mkono kwenye ivi. Kitu kikanidonoa! Robini. Wa kweli. Juu ya mayai matano. Upande WANGU. Nikapiga yowe, nikaangukia maua yangu ya tulipu, kumi na moja chali. Wanane wale mbio! Bi Hettie akanishika mkono: "Hongera, mzee wangu! Ivi yako isiguswe hadi makinda yaruke." Nikauliza lini. "Kama mwezi hivi." Uongo wangu umetaga mayai.

Ijumaa, 19 Aprili
Upande wa Bi Lockyer hakuna kiota, wamethibitisha. Kumwomba radhi, wote wanane wamemsaidia kukata ivi yake, polepole, wasimshtue ndege wangu. Kisha wamehamia kwenye nyasi zangu na viti vyao. Mavis amewaandalia skonzi. Skonzi zangu! Ameuliza sufu yake imefikaje chini ya ukuta. Nimesema ndege siku hizi wezi.

Jumamosi, 20 Aprili
Waamuzi wamekuja. Wamekuta nyasi zimekanyagwa, tulipu zimelala, ivi imening'inia. Kombe: Bi Lockyer. Mimi wa pili. Akachungulia ukutani: "Pole, jirani. Ndege wako mzima lakini?" Nimejibu mzima. Imeniuma, sifichi. Nilikaa bandani karibu nilie. Mavis amesema ningekata ivi Jumatatu, badala ya kumchimba jirani, kombe lingekuwa mezani. Kweli tupu. Nimetubu, tena kwa moyo, dakika ishirini nzima. Kisha nikaona lundo la mboji la Bi Lockyer likitikisika. Panya, nadhani. Lakini anaweza kuwa kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, na kalunguyeye hapa kwetu habughudhiwi. Bila mboji ile, maboga yake ya mashindano ya vuli hayana maisha! Chama cha kuwatetea kinakuja kesho saa tatu. Nimewaambia wapo sita, na mmoja ana mimba.