Picha Mbili za Pafu la Panya

Jumatatu, 13 Mei 2019
Mkataba wangu unaisha mwezi huu! Profesa Ostler, mkuu wa maabara yetu, katangaza shindano. Mimi na Walburga, mtafiti mwenzangu, tulipige eksirei pafu lilelile la panya mgonjwa, kila mtu kwa njia yake. Mshindi anabaki hapa Munich. Nikishindwa narudi Passau kwa mama na paka wake sita.

Eksirei ya kawaida huona mifupa. Sisi hunasa jinsi mionzi inavyopinda ikipita kwenye nyama laini. Mimi natumia gridi tatu za dhahabu, nyufa zake nyembamba kuliko unywele. Walburga anasogeza kamera mita tatu nyuma, basi. Uvivu mtupu.

Jumanne, 14 Mei
Nimechungulia picha yake. Kila mshipa unaonekana! Yangu ina ukungu kama dirisha la jikoni. 

Jumatano, 15 Mei
Picha zimetiwa kwenye bahasha. A yangu, B yake. Daktari Aigner wa hospitali atachagua bila kujua ni za nani. Walburga alipokwenda kuchukua kahawa, nikazibadilisha. Nikazifunga upya kwa gundi. Dhamiri haikunisuta hata kidogo.

Alhamisi, 16 Mei
Balaa! Daktari kachagua ile ya ukungu! Anasema nyingine inafaa kutundikwa ukutani, lakini ukungu ule ndio unaoonyesha vifuko vya hewa vilivyoharibika. Gridi zangu zimeuona ugonjwa, na sifa kapewa Walburga! Nimejiibia mwenyewe, mchana kweupe. Nimempigia mama. Keshatandika kitanda.

Ijumaa, 17 Mei
Soseji nyeupe na haradali kabla ya saa sita, kama kila Ijumaa. Profesa keshashika kalamu kutia saini mkataba wa Walburga. Walburga akainua picha dirishani.

“Hii si yangu, Profesa. Ona mistari hii, ni ya gridi za Lorenz. Bahasha zimechanganywa.”

 Profesa akanigeukia.

“Wewe Lorenz, umeijua picha yako ukanyamaza, mwenzio asiaibike? Ungwana ulioje!”

Nikainamisha kichwa kiungwana. Mkataba mpya, miaka miwili! Ah, nimepumua! Nimekula soseji nne bila kuzimenya ngozi, ambayo hapa hailiwi, wakanitazama vibaya. Walburga naye kaajiriwa na Daktari Aigner. Eti anatafuta mtu mkweli.

Jumamosi, 18 Mei
Juni kuna shindano jingine, dhidi ya jamaa wa Augsburg. Nimetafakari sana kosa langu. Ni ile mistari, ndiyo iliyoniumbua. Safari hii nitaifuta kwanza, ndipo nibadilishe bahasha.