Habari kwa Hisani ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha asubuhi. Nimekaa karibu na mlango, tayari kutoroka. Sikutoroka. Mhariri ametangaza mawili.

La kwanza: kipindi changu, Vilivyopotea na Kuokotwa, kinafungwa mwisho wa mwezi. Miaka kumi na tisa nimewasomea watu redioni funguo zao, vitambulisho vyao na miavuli yao, mpaka ofisi nzima inaniita Mzee wa Vilivyopotea. Sasa watu wanatafutiana vitu kwenye simu. La pili: kuanzia Jumatatu ijayo tutakuwa na taarifa ya habari kwa lugha ya milimani. Dakika kumi, kila siku, saa moja asubuhi. Ameuliza nani anaijua.

Mkono wangu umepanda wenyewe.

Ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: milimani ni kwetu, lakini nililetwa mjini nikiwa na miaka mitano. Ninachojua ni kusalimia, kuomba chakula, na matusi matatu, mawili kati yake ya kitoto.

Miwani naye ameinua mkono. Huyu ndiye msomaji wetu wa michezo, msichana wa miaka ishirini na sita, miwani mikubwa kuliko uso. Amesema anaijua nusunusu, kwa bibi yake. Nusunusu! Nani anaomba kazi kwa nusunusu? Mimi nimesema hata ndoto zangu naziota kwa lugha hiyo.

Usaili ni Ijumaa. Nikishindwa, Mhariri amedokeza, kuna nafasi stoo, kupanga kanda za zamani. Stoo haina dirisha.

Jumanne, 5 Machi

Sijatulia tangu asubuhi. Kiti, dirisha, kiti. Mke wangu ameniuliza kama nimekalia siafu.

Jioni nimempigia Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba. Anaishi milimani, yeye na kuku wake na maoni yake. Robo saa ya kwanza ilikuwa ya kuulizwa kwa nini simu yangu huwa inakumbuka namba yake ikiwa na shida tu. Nimengoja amalize. Kisha nikamwambia nataka kujifunza lugha yetu, nije niwafundishe wanangu, wasikue mabubu kwao.

Akapenga kamasi. Akasema, "Hatimaye, baba."

Nimejisikia vibaya kidogo. Imepita.

Mpango ni huu: namtumia habari fupi kwa Kiswahili, yeye ananirudishia kwa lugha ya kwetu, ujumbe wa sauti. Mimi nasikiliza, naandika kila sauti ninayoisikia, nakariri. Ameuliza kwa nini nisianze na hadithi, kama watoto wote. Nimemwambia habari zina sentensi fupi.

Ya redio sikuitaja. Hakuuliza.

Alhamisi, 7 Machi

Karatasi ya usaili tumepewa saa nane. Habari moja, mistari miwili: bomba la maji limepasuka, mafundi wanalishughulikia. Nimemtumia Shangazi nikiwa chooni. Nimetembea ukumbini mara thelathini na mbili nikisubiri. Dada wa mapokezi amehesabu.

Jibu limekuja saa kumi. Dakika mbili na nusu. Nimeandika kurasa mbili. Kuna mahali sauti inapanda, mahali inashuka, mahali anakohoa. Kikohozi nimekiacha. Mengine yote nimeyachukua.

Mistari miwili imezaa kurasa mbili. Lugha tajiri.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata!

Waamuzi walikuwa watatu: Mhariri, fundi mitambo na mhasibu. Hakuna hata mmoja anayeijua lugha yenyewe. Miwani alitangulia. Alisoma polepole, akakwama kwenye "bomba", akaomba ruhusa, akakimbia getini kumuuliza mlinzi, ambaye ni mtu wa milimani, akarudi akamalizia. Fundi mitambo aliandika: anasitasita.

Mimi sikusita. Nilisoma kwa kupanda na kushuka, kama Shangazi. Mahali pa ukali nilikuwa mkali. Mhariri alisema hakuelewa neno lakini amesisimka. Mlinzi alikuwa akisikiliza dirishani. Nilimwona akifuta machozi kwa kofia. Nimemgusa mtu wa kwetu.

Miwani alinipa mkono, akasema, "Hongera, mzee." Kisha akaniuliza jambo fulani kwa lugha ya milimani. Nikacheka, nikampigapiga begani, nikaondoka haraka.

Jumatatu, 11 Machi

Taarifa ya kwanza. Nilifika saa kumi na mbili kasoro, nikazunguka jengo mara nne.

Habari kubwa ilitoka kwa daktari wa mifugo: kuna homa ya mbuzi milimani, chanjo itatolewa Alhamisi kwenye uwanja wa shule, kila mfugaji alete mifugo yake. Mhariri alinikumbusha kwamba hii ndiyo sababu taarifa imeanzishwa. Mwaka jana tangazo kama hili lilisomwa kwa Kiswahili, nusu ya wazee hawakulifuata, na mbuzi walikufa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Shangazi alikuwa amenitumia dakika nne. Nimezisoma zote.

Kabla ya saa mbili simu zilikuwa zinalia. Dada wa mapokezi haelewi lugha, kwa hiyo kila simu aliichorea kijistari. Sitini na moja. Amesema wengi ni wazee, wanaongea kwa kasi, na karibu wote wanacheka. Mhariri amebandika namba hiyo ukutani. Miaka kumi na tisa ya Vilivyopotea sikuwahi kupata simu sitini na moja kwa siku.

Miwani alisimama mbele ya ile karatasi akitafuna kalamu. Wivu una sura yake.

Alhamisi, 14 Machi

Daktari wa mifugo amempigia Mhariri saa saba. Amekaa uwanjani tangu saa mbili na sanduku lake la baridi. Amekuja mzee mmoja na mbuzi wawili. Mzee huyo hana redio.

Mhariri ameniita. Nimesema watu wa kwetu ni waoga wa sindano. Akasema sindano ni za mbuzi. Nikasema mbuzi wa kwetu pia.

Hakucheka. Nimerudi mezani nikapanga kalamu kwa urefu. Kisha kwa rangi.

Jumamosi, 16 Machi

Mwalimu mkuu wa shule ya milimani amepiga simu studio, na kwa bahati mbaya ameipokea Miwani. Uwanja umejaa mbuzi. Leo ni siku ya riadha. Mbuzi wamekula bendera za mstari wa kumalizia. Wamekuja wanaume wapatao mia mbili, wote peke yao, na nyuma yao wake zao, wakitaka kujua wana siri gani na mbuzi wasiyotakiwa kuijua.

Miwani akamuuliza kwa nini Jumamosi. Mwalimu mkuu akasema, mbona nyinyi ndio mliotangaza? Akamtajia maneno kama yalivyosomwa redioni, akamtafsiria: "Chanjo ya mbuzi ni Alhamisi, uwanja wa shule. Sio siku hiyo, njoo Jumamosi, na usije na mkeo."

Miwani ameyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi, akaiweka mezani kwangu. Nimeisoma mara tano. Kisha nikaisikiliza tena sauti ya Shangazi. Katikati, sasa nasikia wazi, mlango unagongwa.

Nimeikunja karatasi ndogo kabisa. Nimefikiria kuimeza.

Jumapili, 17 Machi

Shangazi amepiga. Yeye redio hana, lakini kanisani leo kila mtu alimpa mkono akicheka. Jirani yake ndiye aliyekuwa mlangoni siku ile, amekuja kuomba toroli. Alimwambia aje Jumamosi, bila mkewe, kwa sababu mkewe huyo aliwahi kulirudisha toroli bila gurudumu. Jirani aliyasikia maneno hayo redioni, akayatambua; sasa mlima mzima unajua. Mke wa jirani amehamia safu ya mbele kanisani ili asimwone.

Nikaanza kueleza. Akasema nisijisumbue, anapanda gari la asubuhi.

Jumatatu, 18 Machi

Siku mbaya. Naiandika kama ilivyokuwa.

Saa nne Shangazi aliingia ofisini, kitenge cha kutokea, mkoba umebanwa kwapani. Mhariri alimpa kiti chake mwenyewe. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mlinzi kutoka getini, akampa kurasa zangu zote za wiki, akamwomba azisome kwa Kiswahili.

Mlinzi alivua kofia. Alisoma bila kutabasamu, kama anasoma namba za magari. Usaili: "Bomba limepasuka, na mimi nilisema, nilisema, nani ananisikiliza mimi." Jumanne: "Barabara ya sokoni itafungwa siku mbili. We kuku, toka, nimesema toka." Jumatano: "Bei ya mahindi imepanda. Ngoja, sufuria inaungua." Ijumaa: "Mvua zitachelewa. Huyu mtoto wa kaka yangu ananichosha na habari zake, lakini anajifunza, maskini, kichwa kizito tangu mdogo."

Hilo nililisoma kwa hisia sana. Nakumbuka.

Fundi mitambo alitoka nje. Mhariri alimuuliza mlinzi kwa nini hakusema tangu siku ya usaili. Mlinzi akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza, na alidhani ni kipindi cha vichekesho. Nyumbani kwake hawakikosi.

Shangazi hakucheka. Aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, watoto wamejifunza maneno mangapi.

Nilitazama kalamu zangu. Hakurudia swali.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshapiga: mbuzi kumi na mmoja wamekufa tangu Alhamisi, na atarudi keshokutwa, mara ya mwisho. Mhariri alimgeukia Shangazi, akamwomba atangaze yeye, kwa kuwa mimi hakuna atakayeniamini tena. Shangazi alisema hana mazoea ya kuongea na chuma. Miwani akakaa upande wa pili wa kipaza sauti, akamwambia, "Bibi, niambie mimi." Akamwambia. Dakika moja tu. Mlinzi alinitafsiria pembeni: chanjo ni Jumatano, Jumatano hii, uwanjani, waje na mbuzi, waje na wake zao, na mke wa jirani aje kuchukua toroli kabla halijaharibika kwa kukaa bure.

Kisha Miwani akasoma habari nyingine, polepole, akikwama, na kila akikwama Shangazi alimnong'oneza neno. Alimwita "mjukuu wangu". Mimi leo ameniita "wewe".

Jumatano, 20 Machi

Mbuzi mia nne na nane wamechanjwa. Daktari wa mifugo amesema foleni ilifika barabarani, na mbele kabisa alikuwepo mwanamke mwenye toroli, ndani yake mbuzi watatu.

Taarifa sasa ni ya Miwani. Mlinzi amepewa meza chumba cha habari: hakuna kinachosomwa kabla hajakipitia. Getini wanatafuta mtu mwingine. Mimi nimesaini karatasi: Sitasoma hewani neno nisilolijua. Mhariri amesema stoo iko tayari mwanzoni mwa mwezi. Nimeenda kuiona. Ni kweli haina dirisha. Nilisimama humo dakika moja nikatoka nikitokwa jasho.

Shangazi alipiga jioni. Sauti ya chini. Amesema kila Jumapili nimpigie na watoto wakiwepo, maneno kumi tu, hasira hana. Nimekubali kwa moyo wote. Jumapili bado iko mbali.

Alhamisi, 21 Machi

Kikao. Mhariri ametangaza kwamba barua zimekuja kutoka kwa watu wa ziwani. Wamesikia ya milimani, nao wanataka taarifa kwa lugha yao, mambo ya samaki na vyombo vyao. Ameuliza nani anaijua. Alikuwa akinitazama mimi. Miwani naye alinitazama, juu ya miwani.

Nilikalia mikono yote miwili. Mhariri alionekana kuridhika, akasema basi, anayeijua amwone ofisini kabla ya Jumatatu.

Ile karatasi niliyosaini nimeisoma tena kwa makini. Ina tarehe ya jana na inahusu mambo ya milimani. Ndivyo mtu yeyote mwenye akili angeielewa.

Kinyozi wangu ni mtu wa ziwani. Mtu mtulivu, si kama Shangazi. Hana kuku, hana jirani mwenye toroli. Nimempitia mchana, nikamwambia natamani wanangu wajue lugha nyingine ya nchi yao. Aliguswa. Aliweka mkasi chini, akanishika mkono.

Nimemwachia habari ya majaribio, mistari mitatu: upepo mkali ziwani kesho, wavuvi wasitoke. Ameirekodi palepale, huku anaendelea na wateja.

Imefika sasa hivi. Dakika sita.

Lugha tajiri.