Ombi la Kupewa Mtu wa Kula kwa Niaba Yangu

Tassia, Embakasi
Jumatano jioni

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Ustawi cha Watu wa Magharibi,
Tawi la Tassia.

Mheshimiwa Mzee Wanyonyi,

KUH: FIRIGISI NA MAMBO YANAYOAMBATANA NAYO

Natumai barua hii itakukuta umeshakula, kwa maana mimi sijala, na mmoja wetu anapaswa kuwa na nguvu za kulifikiria jambo hili. Mimi ni Mulongo wa ghorofa ya nne, mwanachama wako mwaminifu, yule ambaye mwaka jana Chama kilimtafutia kiti cha chuma baada ya vile vya plastiki kumshinda. Nafahamu unanijua, lakini siku hizi watu wananipita kwenye ngazi bila kunitambua, kwa hiyo naona heri nijitambulishe.

Daktari aliniambia magoti yangu yanabeba watu wawili na mmoja wao hana kazi. Akanianzishia sindano za kupunguza mwili. Mara moja kwa wiki najidunga tumboni, mahali ambapo, kwa kweli, hata kipofu hawezi kukosa. Alinionya vizuri kwamba wiki za mwanzo nitaona kichefuchefu, nitashiba upesi, nitapiga mbweu, na choo kitakuwa kigumu, kisha mwili utazoea. Akasema, "Kula kidogo kidogo, polepole, epuka mafuta, na ukishiba, acha." Ni ushauri mwema kabisa. Tatizo ni kwamba daktari huyo ni kijana, na hana binti anayeposwa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu Jumamosi iliyopita kule Huruma. Wewe ulikuwepo, Mzee, lakini ulikuwa unahutubia, na anayehutubia haoni sahani za wenzake. Tulikwenda kwa Bwana Omolo, babake Sylvance, kijana anayetaka kumwoa binti yangu Ayuma. Kwa desturi yetu mimi baba mtu sikuruhusiwa kusema neno. Wewe ndiye uliyekuwa msemaji wangu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa na kula.

Wenyeji wetu, Mungu awabariki, walikuwa wamejitahidi. Samaki aliletwa mzima, akanitazama kama askari wa kanjo anayedai leseni. Baadaye akaja kuku. Na kwa kuwa walikuwa wameuliza mapema watu wa magharibi huheshimiwaje, firigisi ililetwa peke yake, kwenye sahani yake. Aliyeileta ni mama yake Omolo, Mama Awuor, bibi wa miaka mingi, kwa mikono yote miwili. "Mkwe, hii ni yako," akasema. Halafu hakuondoka. Alisimama hapo aione ikiingia.

Mzee, nilikuwa nimejidunga sindano ya wiki hiyo Alhamisi. Tumbo langu lilikuwa limefungwa kama ofisi ya serikali siku ya sikukuu. Niliweka firigisi mdomoni, nikatafuna. Wewe unajua firigisi haikubali kushindwa upesi. Ilizunguka, ikarudi ilikotoka, ikazunguka tena. Bibi alipogeuka kuniletea supu, niliitoa nikaifunga kwenye leso, leso nikaitia mfukoni mwa koti. Nikamwonyesha mdomo mtupu. Akafurahi sana.

Mambo yangeishia hapo kama si maombi ya kufunga. Kwa heshima zote, maombi yako yalikuwa marefu. Uliombea familia zote mbili, ukaombea kaunti, ukaombea barabara ya Outering, na ulipofika kwa wajane wa mataifa jasho baridi lilikuwa linanitiririka hadi kwenye soksi. Nikachomoa leso nijipanguse. Firigisi ikaanguka, ikadunda, ikabingirika, ikasimama mbele ya kiatu cha Mama Awuor. Wazee wengine huomba macho wazi.

"Amina," akasema bibi, wewe ukiwa bado uko kwa wajane. Kisha akauliza, "Hii si ile niliyompa?"

Na hadi leo jibu halijatoka. Sylvance amemwambia Ayuma kwamba kwao wanasema mimi nimewakataa, tena kwa kuwatemea chakula. Binti yangu hajaonekana mezani tangu Jumapili. Jumamosi hii wao ndio wanaokuja kwangu, na mwenye nyumba ndiye anayemega tonge la kwanza ili wageni waone chakula ni salama. Nisipokula, posa imekufa. Nikila, watakiona chakula hicho mara mbili, kikiingia na kikitoka.

2. Kuhusu dada Mirriam wa mlango wa pili. Dada huyu mpendwa hukaanga alfajiri mandazi ya kuuza kwa wafanyakazi wanaoelekea Industrial Area. Harufu ya mafuta huingia kwangu chini ya mlango bila kubisha. Zamani nilikuwa mteja wake wa kwanza, na pia wa pili. Sasa naziba mlango kwa taulo, na yeye ameona taulo, na ameumia moyo. Amemwambia mke wangu Nerima, "Mwambie Baba Ayuma kama ameanza kununua kwa yule wa pale chini aseme tu. Mimi si mtoto." Naomba Chama kimweleze kwamba sijamsaliti. Na ikiwezekana, siku ya baada ya sindano awe anachemsha.

3. Kuhusu kwaya. Mbweu ninazopiga zina harufu ya yai lililosahaulika. Siku za kwanza nilimtazama jirani yangu kwa mshangao kila ilipotokea, mpaka jirani akahamia sauti ya tatu. Mwalimu wa kwaya alinisogeza karibu na dirisha, halafu karibu na mlango. Jumapili iliyopita niliimba besi nikiwa nje, nikiwa nimesimama kati ya gari la mchungaji na tangi la maji. Naambiwa sauti ilifika vizuri na watu wengine walidhani ni spika mpya.

4. Kuhusu akina mama wa Chama chetu. Tangu mshipi wangu utobolewe tundu jipya, habari zimeenea kwamba nina ugonjwa. Wakaja kuniombea, nawashukuru. Lakini hawa ni watu wetu, hawawezi kuja mikono mitupu. Walikuja na kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi na supu ya kunirudishia damu. Nikajifanya nimelala. Kumbe kujifanya huko kuliwapa nafasi. Mmoja alimwambia Nerima pale mlangoni, kwa sauti ya matanga, "Lakini alikuwa mtu mkubwa." Alikuwa! Na mimi niko pale kwenye kochi, blanketi hadi puani, nikisikia nikizikwa. Nerima akajibu, "Bado ni mkubwa, ngojeni aamke mumuone." Sijui kama alikuwa ananitetea.

Kwa habari yenu, kinachokaa tumboni mwangu kwa sasa ni chai ya tangawizi isiyo na maziwa, kiazi kitamu nusu, na maji mengi. Kuku hayumo.

5. Sasa nafika kwenye hoja yenyewe. Desturi yetu imeshakubali kwamba baba hana haja ya kutumia mdomo wake mwenyewe. Kule Huruma nilinyamaza, wewe ukasema kwa niaba yangu, tena ulisema mambo ambayo nisingethubutu kuyasema, kama lile la kwamba mimi ni mtu mpole asiyenuna. Hakuna aliyelalamika kwamba Mulongo amekataa kusema. Basi nauliza kwa unyenyekevu: kama naweza kuazimwa mdomo wa kusemea, kwa nini ninyimwe wa kulia? Mdomo si ni huo huo?

Ninampendekeza Wasike. Ni kibarua pale kwenye bohari ya mabati ninakofanya kazi ya karani, na ni mtu wetu. Nimemwona akimaliza githeri ya watu watatu akiwa amesimama, na baada ya hapo akauliza kama kuna chakula. Nimemdokezea. Alinijibu, "Mzee, hiyo kazi imefika nyumbani. Lakini niulize, mifupa pia ni mimi? Na nikishiba, nashiba kama Wasike ama kama Mulongo?" Maswali mazito haya, na ndiyo maana nayaleta mbele ya Chama.

Maoni yangu ni kwamba Wasike aketi nyuma ya bega langu la kulia. Nitapokea firigisi kwa mikono miwili, nitaiinua ionekane, nitaipitisha nyuma. Akimeza, mimi nitasema asante. Mbweu ya shukrani nitajitolea mwenyewe, ninazo za kutosha. Mafuta yoyote yatakayoota mwilini mwake kutokana na shughuli hii yatakuwa mali yake. Mpango ukifaulu Jumamosi, naomba uendelee hadi kwenye matanga, harusi, mahafali na chakula cha mchana cha mchungaji. Pia daktari anipime pamoja na Wasike ili aone kazi yote inayofanywa. Na kama Chama kitaona mlaji wa niaba ni jambo geni mno, basi naomba tuchukue hatua ya mwisho: firigisi ifutwe kabisa katika heshima za watu wetu, na mahali pake pawekwe kipande cha papai. Papai halidundi. Tena linasaidia lile jambo la nne alilonionya daktari, ambalo sitalieleza zaidi kwa kuwa najua katibu husoma barua hizi kwa sauti.

Mzee Wanyonyi, nimetania, lakini nikuambie ukweli. Nilianza sindano hizi ili nimsindikize Ayuma kutoka mlango wa kanisa hadi mbele bila kusimama katikati nikijifanya nasalimia watu. Sitaki kufika siku hiyo nikiwa mwembamba, nina pumzi ya kutosha, na hakuna harusi.

Kwa hiyo nakuomba uitishe kikao kabla ya Jumamosi. Nitahudhuria ikiwa hakutakuwa na chapati.

Nisalimie Mama nyumbani, nisalimie katibu na sauti yake, nisalimie vijana wa mpira, na wale akina mama walioniletea kuku waambie nimeamka na bado nipo. Dada Mirriam msalimie kwa namna ya pekee.

Wako katika Chama, nikiwa na njaa ya amani tu,

Elkana Mulongo
Ghorofa ya nne, mlango unaonuka tangawizi.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha simu ikalia. Ni Bwana Omolo. Nilijiandaa kutukanwa, lakini mtu huyo alikuwa anacheka hadi akakohoa. "Mkwe," akasema, "Sylvance ameniambia leo kuhusu sindano. Kwa nini hukusema? Mimi mwenyewe niko kwa hizo sindano tangu mwezi uliopita! Ile siku sikugusa hata samaki. Kila mtu alikuwa anaangalia firigisi yako, nikapona." Mama Awuor ameelezwa, na amesema hana neno, mradi siku nyingine niseme mapema ili ale yeye. Basi tukacheka, tukapeana pole za tumbo.

Halafu akaniomba jambo dogo. Kwamba Jumamosi nimsamehe asile kuku wangu. Kwamba atakuja na mdogo wake, na huyo mdogo wake ndiye atakayekula mahali pake.

Mzee Wanyonyi! Mtu aje kwangu, apande ghorofa nne, akanyage zulia ambalo Nerima ameliazima, halafu aniletee mlaji? Kuku wangu ana kasoro gani? Jogoo huyo nimemchagua mimi mwenyewe, nimemfunga kamba balconi, tumezoeana. Huku ni kudharauliwa. Nilimwambia hivyo Ayuma, naye akauliza, "Na wewe Baba, hapo umeandika nini?" Nikamjibu kwamba hiyo ni tofauti, yangu ni ya kidaktari. Alicheka hadi akashika ukuta, akaja mezani, akala. Sikuona cha kuchekesha.

Kwa hiyo barua hii yote naiondoa. Badala yake naomba Chama kipitishe azimio kali: mkwe yeyote atakayekataa kuku wetu kwa kisingizio cha sindano, ahesabiwe ametukataa sisi. Huyo mdogo wa Omolo nimeshamwachia mlinzi wa geti maagizo. Apewe soda, apewe kiti, lakini abaki chini.

Wasike aje tu. Huyo ni wa nyumbani.